Chai ya Makabidhiano

1

Tusekile Mwambene alivua utepe wa kichwani mlangoni mwa chumba cha chai, akautia mfukoni kama alivyofanya kila asubuhi kwa miaka mitatu, akaingia. Mafundi sita waliokuwa wakicheka wakanyamaza papo hapo. Hakuna aliyemsogezea kikombe.

Ilikuwa Jumatano, saa moja kasorobo. Katika Kituo cha Mvuke cha Lwifwa zamu hubadilishwa saa moja kamili, na kabla ya hapo wanaotoka na wanaoingia hukaa robo saa kwenye mabenchi, chupa ya chai katikati, wakiambiana habari za mitambo. Hayo ndiyo makabidhiano. Daftari la zamu lipo, tena zuri, lenye jalada gumu, lakini hilo ni la wakubwa. Huandikwa "hali shwari" hata siku ambayo pampu imelia kutwa nzima. Ukitaka kujua kama pampu ililia, kunywa chai.

"Haya, Fundi, nipe habari," Tusekile alisema, akajimiminia mwenyewe.

Ambakisye Mwaipopo, fundi mkuu wa zamu iliyokuwa inatoka, alikuwa na miaka hamsini na sita na mikono iliyoungua mara nyingi kiasi kwamba aliweza kushika bomba ambalo wengine wasingeligusa. Alifunga kifuniko cha chupa ya chai taratibu.

"Zamu imepita salama, Bosi. Weka saini."

Bosi! Tangu lini? Alimwita Tuse tangu siku ya kwanza alipofika pale na shahada yake moja na buti zisizo na doa. Ndiye aliyemfundisha kusikiliza kwa bisibisi: unaweka ncha kwenye kifuniko cha beringi, mpini kwenye mfupa ulio mbele ya sikio, unafumba macho, na mtambo wa tani arobaini unakuambia unaumwa wapi. Lwifwa haikuwa na njia nyingine ya kuaminika. Gesi inayotoka ardhini pamoja na mvuke, ile yenye harufu ya mayai viza, ilikuwa inakula nyaya za vihisi vya mtetemo kila baada ya miezi michache. Vihisi vilikufa, vikaagizwa vingine, navyo vikafa. Bisibisi ya Ambakisye ilikuwa na miaka ishirini na mbili.

"Turbini namba mbili je? Jana uliniambia beringi ya tatu imeanza kusaga."

"Soma daftari."

"Daftari nalijua, Fundi."

"Basi na huo ukurasa pale ukutani usome, maana naona huo hukuusoma."

Aligeuka. Juu ya ndoo ya maji ya kunywa palikuwa pamebandikwa karatasi, mistari mitatu imepigiwa kalamu nyekundu. Aliitambua nembo ya chuo kabla hajaona maneno. Ulikuwa ukurasa wa thelathini na moja wa mkataba wake mwenyewe.

*Mara tu mwanafunzi atakapotunukiwa shahada, nyayo zote za uamuzi zilizorekodiwa na utepe zitakuwa mali ya mfadhili, ambaye atakuwa huru kuzitumia badala ya wafanyakazi wa mitambo.*

Chini yake mtu alikuwa ameandika kwa mkono: *Kumi na wanne.* Ndiyo idadi ya mafundi wa Lwifwa.

"Nani amebandika hii?"

"Umesaini wewe, halafu unauliza nani amebandika?" Ambakisye alisimama. "Miaka mitatu nakumiminia chai huku unanichuna ngozi. Ungeniambia tu, Bosi. Ningekaa vizuri."

Wakatoka wote, hata wale waliokuwa wanaingia zamu. Tusekile akabaki na kikombe chake na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi. Mkataba ulikuwa na kurasa arobaini na nne. Alisoma mpaka ya kumi na mbili, palipoandikwa kwamba hatalipa ada, akasaini. Hilo ndilo lililomchoma zaidi. Yeye ambaye asingefungua valvu moja bila kusoma kibandiko chake, alifungua kichwa chake kizima bila kusoma.

2

Programu iliitwa Uzamili Kazini, na kwenye matangazo ilikuwa na watu wanaotabasamu. Haina darasa wala likizo ya masomo, na kampuni yenye kituo, ambayo ndiyo mfadhili, haipotezi hata siku moja. Mhandisi anavaa utepe, anakwenda kazini, anafanya kazi yake. Utepe unachukua anachokiona na anachokigusa, na unachukua pia ile nukta ndogo kichwani ambapo mtu anaamua: nifunge au nisubiri, nipande au nishuke. Chuo kinaziita nukta hizo nyayo za uamuzi. Kila wiki zinasahihishwa. Mwisho wa miaka mitatu zinamiminwa ndani ya mashine inayoitwa Mrithi, na mwanafunzi anasimama kujitetea mbele yake. Mrithi akiamua kama anavyoamua yeye, mwanafunzi amefaulu.

Bodi ya kampuni ilikwisha kutangaza kwamba kuanzia Julai hakuna atakayesimamia zamu bila shahada ya uzamili au kuwa anaisomea. Nani basi angekataa?

Dakta Restituta Rweyongeza, msimamizi wake wa masomo, alifika Alhamisi mchana kukagua ukumbi wa mitambo. Tusekile alimkuta akipima kwa macho reli ambayo Mrithi angetembelea juu yake.

"Dakta, nataka kujitoa. Nyayo zangu zifutwe."

Dakta alivua miwani. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyempigia simu kila Jumapili mwaka ule mama yake Tusekile alipokuwa mgonjwa.

"Mdogo wangu, wewe ndiye mwanafunzi bora tuliowahi kuwa naye. Unajua alama zako za turbini? Tisini na sita. Unaingia ukumbini, hujagusa kitu, unakwenda moja kwa moja kwenye beringi yenye tatizo. Wenzangu wananiuliza, huyu anajuaje? Nawaambia, hicho ndicho kipaji."

Tusekile akasikia raha kidogo kifuani, na papo hapo akajichukia kwa raha hiyo.

"Na mafundi je?"

"Watapangiwa kazi nyingine."

"Ipi?"

"Hilo la mfadhili. Chuo hakiajiri wala hakifukuzi."

Jibu safi kabisa, la mtu aliyekwisha kunawa mikono. Chuo hakiajiri, hakifukuzi, hakimgusi mtu. Kinatunuku tu, kwa majoho na picha, halafu kumi na wanne wanarudi nyumbani na masanduku yao ya spana.

"Sikiliza," Dakta alisema, sasa kwa sauti ya chini. "Usipojitetea kesho, nyayo zitafutwa, ni kweli. Bila shahada mfadhili hana haki nazo. Lakini Julai utashushwa, utakuwa msaidizi wa mtu wa miaka ishirini na sita. Na huyo naye watamvisha utepe, na safari hii watapata wanachokitaka. Utakuwa umejiunguza bure."

Maneno hayo yalimkaa kwa sababu hayakuwa ya uongo. Alirudi nayo nyumbani, akala nayo, na kabla ya kulala alikuwa amejiambia yale ambayo watu hujiambia: nitachukua shahada kwanza, halafu nitawatetea nikiwa ndani, nikiwa na sauti. Kama vile wakubwa walikuwa wamekaa mahali fulani wakisubiri kwa hamu sauti yake.

3

Ijumaa asubuhi chupa ya chai haikuwepo kabisa mezani. Ambakisye alimsogezea daftari kwa kidole kimoja. *Hali shwari.* Tusekile akaweka saini, akavaa utepe, akaenda.

Katika ubao wa ukumbini aliona kwamba turbini namba mbili ilikuwa imeshushwa mzigo tangu jana jioni, kutoka megawati ishirini hadi kumi. Sababu haikuandikwa. Siku nyingine yoyote angeijua sababu hiyo tangu kwenye kikombe cha kwanza.

Saa nne wageni wakaingia: Dakta Restituta, watu watatu wa makao makuu waliovaa kofia ngumu mpya, na meneja wa kituo, Bwana Sanctus Komba. Mafundi, hata wa zamu iliyotoka, waliagizwa wabaki chumba cha chai mpaka shughuli iishe, wasije wakaharibu picha. Mrithi alikuwa ananing'inia kwenye reli yake: mkono mmoja wa chuma uliopakwa rangi ya buluu ya chuo, wenye fimbo nyembamba mwishoni. Hata bisibisi walikuwa wameiiga.

"Namba mbili mbona iko kumi?" meneja aliuliza.

"Imeshushwa jana. Sijaambiwa kwa nini," Tusekile alisema.

"Daftari linasema hali shwari. Ipandisheni ishirini," aliwaamuru chumba cha udhibiti kwa simu ya ukumbini. " Wageni hawakuja kutazama mtambo unaosinzia."

Mngurumo ukapanda mpaka Tusekile akausikia kwenye meno. Taa ya kijani ya Mrithi ikawaka. Mkono ukateleza kwenye reli, ukaipita beringi ya kwanza na ya pili bila kusita, ukatua kwenye ya tatu.

"Beringi ya tatu imetulia. Salama. Endelea," Mrithi alisema.

Alisema kwa sauti ya Tusekile. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba wangeichukua na hiyo. Mmoja wa wageni akacheka kwa furaha, akamtazama yeye, akaitazama mashine, akamtazama tena. Tusekile alitamani kumrushia kitu.

"Sasa zamu yako, mtahiniwa," Dakta alisema. "Unakumbuka kanuni ya tisa. Utepe hauvuliwi, na huulizi mtu."

Aliweka ncha ya bisibisi kwenye beringi ya tatu, mpini kwenye mfupa, akafumba macho. Kimya. Kimya kizuri, laini, hakuna msagiko wowote. Mrithi alikuwa sahihi. Akafungua mdomo kusema salama.

Jumanne beringi hii ilikuwa inasaga. Beringi haijiponyi.

Alijaribu kufikiri angeenda wapi sasa, asikilize wapi, kwa ule ustadi wake wa tisini na sita. Kichwa kilikuwa kitupu. Alizoea kuingia ukumbini akiwa anajua pa kwenda, na kwa miaka mitatu hakujiuliza hata siku moja alikuwa anajuaje. Mkono wake ukashuka wenyewe kwenye mfuko ambamo hutia utepe kila asubuhi. Sheria ya faragha ilikataza kumrekodi mtu ambaye hakusaini, na mafundi hawakusaini, kwa hiyo mlangoni mwa chumba cha chai aliuvua. Robo saa kila siku. Utepe ulirekodi kila kitu alichokifanya baada ya kuambiwa, na haukuwahi kumsikia aliyemwambia. Wasomi wote wale chuoni, na mashine zao zote, walikuwa wamemtazama mtu aliyeelekezwa njia wakaandika kwamba ana kipaji cha kujua njia. Na yeye akakubali! Akafurahi!

"Mtahiniwa? Salama au si salama?"

"Sijui."

"Hujui nini?" meneja akauliza.

"Sijui kama ni salama. Na huyo naye hajui," alisema, akiuelekezea bisibisi mkono wa buluu. "Amerithi kutokujua kwangu. Shusheni mzigo."

"Mashine imesema salama."

"Mashine ni mimi! Na mimi nakwambia sijui!"

Bwana Komba akawatazama wageni, akatabasamu lile tabasamu la kuomba radhi kwa ajili ya mtu mwingine. Hakutoa amri yoyote. Tusekile akachomoa redio ya upepo kiunoni.

"Mdogo wangu," Dakta alisema haraka, "ukimuuliza mtu umejifelisha. Sitaweza kukusaidia."

"Fundi Ambakisye, Tusekile hapa. Naomba makabidhiano. Namba mbili iko ishirini."

Redio ikakoroma.

"Nani kaipandisha?"

"Meneja."

Redio ikakoroma tena.

"Una utepe kichwani?"

"Ninao."

"Vua kwanza."

Hasira zikampanda mpaka macho yakamuuma. Chuma kinazunguka mara elfu tatu kwa dakika, watu watano wamesimama mbele yake, na huyu mzee anaweka masharti! Na katikati ya hasira hiyo alijua kabisa kwamba lilikuwa sharti la haki, kwamba maneno ya chai ndiyo kitu pekee ambacho chuo kilikuwa bado hakijamchukulia mzee huyo. Akaung'oa utepe pamoja na nywele. Taa ya kijani ya Mrithi ikazimika.

"Nimevua."

"Zima! Usiishushe taratibu, zima sasa hivi, Tuse!"

Alipiga kitufe chekundu kwa ngumi. Mvuke ukakatwa kwa kishindo kilichowafanya wageni wainame. Mtambo ukaanza kupungua mwendo, na kadiri ulivyopungua ndivyo kitu kilivyoanza kugonga ndani yake, kwanza mbali, halafu karibu, halafu kwa nguvu iliyotikisa sakafu ya vyuma waliyosimama juu yake. Mtu wa makao makuu aliyekuwa anacheka alikuwa ameshika nguzo kwa mikono miwili. Ilichukua dakika nyingi mpaka kukawa kimya.

Ambakisye aliingia akikimbia, kofia mkononi. Hakumtazama mtu. Alipiga magoti kando ya beringi ya tatu, akaingiza mkono chini ya bomba la mafuta, akachomoa kipande cha mpira wa tairi, cheusi, kilichoanza kuyeyuka.

"Kishikio cha bomba kimepasuka jana," alisema. "Nimekibana kwa mpira mpaka kipuri kifike. Mpira unameza sauti. Ukisikiliza ya tatu husikii kitu, inabidi usikilize ya nne. Na mzigo usizidi kumi. Tuliongea na chumba cha udhibiti wakashusha."

"Kwa nini hukuandika?" meneja alifoka.

"Mwezi wa tatu niliandika. Ukanipa barua ya onyo kwamba nachafua daftari, mkaguzi atalisoma. Ninayo nyumbani."

Bwana Komba akaangalia buti zake.

"Na mimi?" Tusekile alisema. Hakujali nani anasikia. "Daftari sawa. Mimi je, asubuhi? Ulinisogezea kalamu ukaniacha nije kusimama hapa. Watu wangekufa, Fundi. Ningekufa mimi."

Ambakisye alikigeuzageuza kile kipande cha mpira.

"Hapo nimekosa," alisema. "Nilikasirika mpaka nikawa mjinga. Hapo nimekosa, Tuse."

Tusekile hakumsamehe siku hiyo. Lakini alimpa mkono kumwinua.

4

Barua ya chuo ilikuja baada ya wiki tatu, kwenye karatasi nzito yenye nembo ya dhahabu. *Hakufaulu. Nyayo zimefutwa kwa mujibu wa kanuni. Sababu: mtahiniwa alivua utepe na kuomba msaada wa mtu asiye na sifa.* Ilikuwa na saini ya Dakta Restituta. Hakuna neno juu ya beringi, wala juu ya watu sita. Tusekile aliisoma mara mbili, akaibandika ukutani kando ya ukurasa wa thelathini na moja, kwa gundi ile ya kubandikia vibandiko vya hatari, ili asije mtu akaibandua kwa urahisi.

Julai alishushwa, kama alivyoahidiwa. Alipewa kiti cha msaidizi na ovaroli lisilo na jina. Kuna asubuhi nyingine alipanda ngazi za kituo akiwa amekaza meno kwa hasira, na hasira hiyo haikuisha, wala hakutaka iishe.

Mhandisi mpya aliitwa Lugano Kajuni. Alikuwa na miaka ishirini na sita, haikupungua wala kuzidi. Siku ya kwanza aliuvua utepe mlangoni, akautia mfukoni, akasalimia kwa adabu, shikamoo kwa kila aliyestahili, akakaa kwenye benchi la mwisho.

"Samahani wakubwa zangu," alisema, "nimeambiwa habari za mitambo zinapatikana hapa."

Mafundi kumi na wanne ni wengi kwa chumba kile, lakini siku hiyo walikuja wote, hata wa mapumziko. Wakamtazama Tusekile. Naye akanyoosha kidole kuelekea ukutani.

"Kwanza soma. Zote mbili. Kwa sauti."

Lugano akasimama, akasoma ukurasa wenye kalamu nyekundu. Alipofika "badala ya wafanyakazi wa mitambo" sauti ikamshuka. Akasogea kwenye barua, akaisoma mpaka mwisho.

"…kuomba msaada wa mtu asiye na sifa." Akageuka. Mkono wake ulikuwa umeingia mfukoni, umeushika utepe. "Ni nani huyo?"

Ambakisye alikuwa anafungua chupa ya chai.

"Ndiye mimi," alisema. "Kaa. Sukari vijiko vingapi?"